Mkono wa Stelingi

Pale gereji hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mkwe, basi. Mafundi walimwita Mkwe, wateja wakamwita Mkwe, hata muuza chai wa ng'ambo ya barabara, asiye na undugu na mtu yeyote pale, alipaza sauti, "Mkwe, chai inapoa." Gereji ilikuwa ya baba mkwe wake, Mzee Nyoosha. Chumba alicholala na mkewe, nyuma ya stoo ya matairi, kilikuwa cha Mzee Nyoosha. Spana zote za Mzee Nyoosha. Mwanamume mzima, ndevu zimejaa kidevuni, lakini akitaka kupigilia msumari ukutani kwake anaomba ruhusa kwanza.

Sasa, gari lenyewe lilikuwa la mkunga. Mama huyu alizalisha wanawake wa milimani, na njia ya huko inapita mtoni juu ya mawe, kwa hiyo aliomba gari lake liinuliwe. Likawekwa springi ndefu na matairi makubwa, likasimama juu mpaka yeye mwenyewe akawa anapanda kwa kushika mlango. Lakini gari ukiliinua, usukani nao unataka dawa. Ile fimbo inayotoka kwenye boksi ya stelingi kwenda gurudumuni, iliyokuwa imelala vizuri, sasa imeinama kama ngazi. Tairi likiruka jiwe, fimbo inavuta, na usukani unajizungusha wenyewe mikononi mwa dereva. Fundi yeyote anajua la kufanya: unatoa mkono wa stelingi, kile kipande cha chuma kinachoisukuma fimbo, unaweka mwingine uliotengenezwa ukashuka zaidi, fimbo inalala tena.

Mkono wa namna hiyo haukuwepo mjini. Ilibidi uagizwe, na Mzee Nyoosha kuagiza hataki hata kusikia. Aliufungua mkono uleule wa zamani, akaubana kwenye jiliwa, akawasha gesi, akauchoma mpaka ukawa mwekundu, akaukunja kwa bomba refu, kisha akautumbukiza kwenye ndoo ya maji. Ukalia chwaaa.

"Umeona?" alimwambia Mkwe. "Kuagiza agiza ni kwa watu wasiojua kazi."

Mkwe aliona, tena aliona vizuri mno. Chuma kikichomwa hivyo halafu kikapozwa ghafla, kinakuwa kikavu. Kikizidiwa hakipindi, kinakatika, na mkono wa stelingi ukikatika, usukani unabaki kwako kama sahani, unauzungusha na gari linakwenda linakotaka.

"Baba, huu hautakatika kweli?"

Mzee Nyoosha alizima gesi taratibu. "Mwanangu, ulipokuja hapa ulikuwa unajua kushika nini? Kijiko?"

Gereji nzima ikacheka. Na Mkwe, jamani, naye akacheka. Hicho ndicho kilichomuuma baadaye.

Mchana alimweleza mkewe chumbani, kwa sauti ya chini, maana ukuta ni wa mbao na upande wa pili mzee alikuwa anakohoa. Mkewe alikuwa amekaa kitandani, miguu imevimba, tumbo limeshuka.

"Mwambie Baba mwenyewe," alisema.

"Nimemwambia. Kanifanya kichekesho."

"Basi umeshasema." Alimtazama kwa huruma, lakini huruma yenye mipaka. "Ukimwaibisha mbele ya mteja, atatutoa. Unamjua. Tutakwenda wapi na hali hii?"

Mkwe alivuta sahani yake. Akala, akarudi kazini.

Dereva wa mkunga alipokuja kulichukua gari, alilizungusha uwanjani, akarudi anatabasamu. Fimbo imelala, usukani mwepesi, hamna cha kujizungusha wala nini. Akamsifu Mzee Nyoosha mpaka mzee akajifanya hasikii. Mkwe alimfungulia geti, akalitazama gari likiondoka, na moyoni akajiambia kwamba huenda likadumu. Vyuma vingine vina bahati.

Asubuhi ya pili mkunga akarudi, kwa miguu, gari kaliacha kwake, amebanwa na haraka. Dereva wake mgongo umemlaza kitandani, na huko juu kuna mwanamke ameshikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya.

"Shida iko wapi?" Mzee Nyoosha alisema. "Mkwe atakupeleka."

Basi hapo ndipo alipobanwa sawasawa. Akikataa, aseme kwa nini, mbele ya mzee. Asiposema, apande. Wakalifuata gari kwa mkunga, akapanda.

Njia nzima aliendesha kama amebeba mayai. Kila tairi lilipogonga jiwe, alisikiliza kwa nyayo. Jasho lilimtoka na dirisha liko wazi. Mkunga, begi lake mapajani, alivumilia, kisha uvumilivu ukamwisha.

"Mwanangu, kuku wanatupita. Mtoto atazaliwa, atatambaa, sisi bado tuko njiani."

Mbele yao barabara ilipanda mara ya mwisho, halafu ikainama kuelekea mtoni: mteremko wa mawe matupu, kushoto mlima, kulia bonde. Mkwe alifika juu, akakanyaga breki, akazima injini.

"Mama, siwezi kushuka na gari hili."

Akamwambia yote: gesi, ndoo ya maji, chuma kilivyokauka. Alisema haraka haraka, bila kumtazama, na alipomaliza alijihisi mwepesi kidogo. Alingoja ashukuriwe, msione ajabu, binadamu ndivyo tulivyo.

Mkunga aligeuka, akamtazama.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu linatengenezwa."

"Dereva wangu alipokuja kulichukua, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Mama. Nilimfungulia geti."

"Na leo angeamka mzima, angekuwa ameketi hapo ulipoketi wewe."

"Ndiyo."

"Ungemwambia?"

Mkwe alitafuta uongo wowote, hata mdogo, asiupate.

"Hapana," alisema.

Mkunga aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei anayoijua. Akafungua mlango, akajishusha kwa shida kutoka juu kule. Mkwe alizunguka mbio, akanyoosha mkono kulipokea begi.

"Nitakusindikiza, Mama. Nikubebee."

"Begi langu nabeba mwenyewe," alisema. "Wewe kaa na hilo gari na chuma chenu."

Akaanza kuteremka kwa miguu, mmoja mmoja, akishikilia mawe, kuelekea kwa mwanamke aliyekuwa anamngoja.