Swali la Kitanda

Kwenye meza yangu ya ufundi nilikuwa na swali moja lililonilisha miaka minne: "Huwa unaitumia kitandani?" Mteja analeta laptop, kioo kimejaa mistari, au ni cheusi kabisa huku feni inanguruma. Naigeuza, napuliza vumbi, nakunja uso, kisha nauliza. Na nani hajawahi kujilaza na laptop yake? Mteja anainamisha kichwa na kukiri kwamba ndiyo, mara mojamoja. Basi, kosa limepata mwenyewe. Nilijiambia kwamba kuuliza si kusema uongo.

Ukweli niliujua. Laptop za aina ile zilitoka kiwandani na ugonjwa wao. Chipu ya picha, kile kidude kinachochora kila unachokiona kwenye kioo, ilikuwa imeshikizwa kwa lehemu mbovu. Inapata moto, inapoa, inapata moto, inapoa, mpaka lehemu inaingia nyufa ambazo huzioni kwa macho. Hata ungeiweka juu ya barafu ingekufa tu. Dawa ni kubadilisha bodi nzima, ile sahani inayobeba chipu zote. Mimi nilikuwa nachukua blowa, ile bunduki ya hewa ya moto, naipasha chipu hadi lehemu inalainika na kushika tena, na picha inarudi. Hudumu wiki sita hivi. Karatasi yangu ya dhamana ilikuwa ya siku thelathini, na sikuokota hesabu hiyo njiani.

Aliyenibatiza jina la Daktari ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Kazi yake ni darizi. Anachora nembo kwenye laptop, halafu mashine ya kudarizi inazishona kwenye sweta za shule na makoti ya wahudumu wa hoteli. Laptop ikifa, mashine inabaki kuwa pambo. Jengo zima analokaa aliniletea mimi. Alikuwa akiwaambia majirani kwamba mtoto wa kaka yake akisema kitu kimekufa, wakachimbe kaburi.

Laptop yake mwenyewe ilipoharibika mara ya kwanza, nilimuuliza lile swali kwa mazoea tu, mdomo ukaitangulia akili. Akakiri. Nyonga yake ya kushoto ni mbovu, na daktari wa hospitali, si wa bisibisi kama mimi, alimwambia afanye kazi akiwa amejilaza. Nikamwambia aache, aitumie mezani. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Na siku hiyohiyo, kwenye droo yangu, lilikuwamo tangazo la kampuni iliyozitengeneza laptop zile. Walikiri kasoro, walikuwa wanabadilisha bodi bure, na waliweka tarehe ya mwisho. Nililichapisha mwenyewe, nikalisoma, nikalikunja na kulisukuma chini ya bisibisi. Ningelibandika ukutani, nani angekuja kupashiwa chipu? Nilisema nitampa shangazi peke yake, kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Mara ya pili alipoileta nikaipasha tena, na tarehe ikapita nikiwa nimeshika blowa.

Wiki iliyopita alinipigia simu kwamba imezima kwa mara ya tatu. Akaniomba nipande kwake mimi, maana ngazi zimemshinda.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha mbao kisicho na mto, mkono mmoja umeshika kiuno. Laptop ilikuwa mezani, imeinuliwa kwa vizibo vinne vya chupa ili hewa ipite chini yake. Feni pekee ya chumba ilikuwa imeelekezwa kwenye laptop, na yeye jasho linamtiririka shingoni. Godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba. Nikamwamkia, kisha nikamuuliza kwa nini. Akasema amelifunga ili mchana asishawishike.

Akagusa kifuniko cha laptop kwa ncha za vidole.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nimekuharibia kazi yako."

"Kazi gani, Shangazi?"

"Miezi mitatu sikuigusisha kitanda. Ila Jumanne nyonga ilinizidi, nikalala nayo. Dakika kumi, haikuzidi hapo. Nadhani ndizo zilizoiua."

Nimewahi kufumaniwa, nimewahi kutukanwa na wateja mbele za watu, lakini sijawahi kuona aibu kama ile. Uso umeumbwa na haya, wanasema, na wangu siku hiyo sikuwa na mahali pa kuuweka. Nilitazama vizibo. Alikuwa amevipanga sawasawa, kimoja kila kona, kwa mikono ileile iliyonifunga vifungo vya shati nikienda shule.

Nikamwambia si yeye. Akatikisa kichwa na kuniambia nisimpake mafuta, kosa ni lake na amelikubali. Nikarudia. Akacheka kidogo, akasema moyo wangu ni mwema mno kwa biashara. Uongo wangu alikuwa ameushika kwa mikono miwili, na ukweli hakuwa na mkono wa kuupokelea.

Ndipo nikalitoa tangazo mfukoni. Nilikuwa nimekuja nalo bila kujua kama ningethubutu. Akavaa miwani, akalisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye tarehe, kidole kikasimama.

"Hii karatasi umekuwa nayo tangu lini?"

"Tangu mara ya kwanza, Shangazi."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alivua miwani, akaniomba nifungue kamba ya godoro. Nikaifungua, nikalitandika, nikamshika mkono hadi akalala. Aliguna nyonga ilipogusa godoro, kisha akafumba macho. Nikamwambia nitamtafutia bodi nzima, popote ilipo, na kwamba sitaipasha tena.

Mlango ukabishwa. Jirani wa chini aliingia na laptop kifuani, aina ileile. Alikuwa amesikia Daktari yupo. Kioo chake kimeanza mistari, akasema, na kabla sijafungua mdomo akaongeza kwamba anajua kosa ni lake, kwa sababu huwa anaitumia kitandani.

"Si kosa lako," nikamwambia. "Imetoka kiwandani hivyo. Nikikupashia itakufa tena, na nilijua siku zote."

Jirani alinikodolea macho, hakujua kama ninatania. Kisha akafanya walivyokuwa wakifanya wote katika jengo lile. Akamgeukia shangazi, asikie kwake kama mimi ni wa kuaminika.

Shangazi alikuwa amefumbua macho. Alinitazama, akamtazama jirani, kisha akajigeuza polepole, kwa upande wa nyonga inayouma, akaelekea ukutani.