Banda la Uani kwa Bi Hamisa

Jioni, Bi Hamisa wa Old Korogwe alipokwenda kufungia kuku wake, aliwakuta waliokosa nafasi bandani wamelala hewani, usawa wa kichwa cha mtu, miguu wameikunja vizuri. Akawatazama, akafunga mlango. Kilichomkera ni kinyesi, maana kilikuwa kinadondokea khanga zake alizoanika humo bandani.

Asubuhi akamwita Erasto, bwana mifugo. Erasto alipofika, Bi Hamisa alikuwa anakanda unga, akamwonyesha kwa kidevu. "Banda lipo uani."

Uani mabanda yalikuwa mawili, yanagawana ukuta mmoja wa mabanzi: la kuku, na la Rosina, mpangaji. Erasto akaingia la kwanza aliloliona. Rosina alikuwa anakunja godoro apate pa kukanyaga. Siku hizo alikosa raha kwa jambo moja tu: mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Mashewa kutibiwa mguu, na pa kumlaza hapakuwepo.

"Humu wanalala wangapi?" Erasto akauliza huku anapima.

"Sita." Rosina alidhani ni mtu wa sensa.

"Wakubwa wote?"

"Wawili. Wanne bado wanakua."

"Wamebanana mno. Hao wanaokua, uza wawili."

"Mmoja yuko darasa la saba," Rosina akasema.

Erasto akaomba radhi, akahamia la pili. Huko akainua macho, akaangalia kuku waliolala juu.

"Wakikosa pa kukaa huwa wanapanda," akamwambia Bi Hamisa, aliyekuwa amemfuata na unga mikononi. "Lakini hewa haihesabiwi, mama, inahesabiwa sakafu. Mita moja ya mraba, kuku watano, basi. Huku ni kuwatesa."

Bi Hamisa roho ilimuuma kweli. Si mtu wa kutesa viumbe. Kabla ya adhuhuri fundi alikuwa ameshausogeza ukuta, hatua mbili ndani kwa Rosina.

"Na sisi je, mama?" Rosina akauliza.

"Mtabanana tu, mwanangu. Nyie si ni familia?"

Jioni ile kuku wakashuka. Upande wa pili, watoto wa Rosina ndio waliotangulia kupanda hewani, kisha yeye, na mwisho mumewe, akilalamika kwamba karibu na bati kuna joto. Mama mkwe alifika na mkungu wake wa ndizi, akapokea shikamoo nne kutoka juu, akajibu marahaba, akawaambia washuke wampokee mzigo. Wakampokea, wakapanda tena. Yeye akalala kwenye godoro, akaunyoosha mguu wote. Rosina alimtazama kutoka hewani, machozi yakamtoka kwa furaha, maana mgeni wake amelala kama mtu.

Bi Hamisa akaja kumpa mgeni pole. Akasimama mlangoni, akaitazama sakafu iliyobaki wazi pembeni ya godoro.

"Rosina, kumbe nafasi mlikuwa nayo," akasema taratibu, bila ubaya wowote.

Asubuhi fundi akarudi, na kuku wakapata chumba cha kutagia.