Divai ya Ndoa ya Landry

Kwa miaka miwili Rosine alifundisha usafi wa maji katika kambi za wakimbizi za Mugunga, nje ya Goma. Watu wa kule walimwita Mama Klore, na somo lake lilikuwa lilelile kila asubuhi: maji machafu yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa, ndipo utie klore, dawa ya kuua vijidudu; ukiitia ndani ya uchafu, uchafu utaila yote na vijidudu vitabaki. Kambi zilipovunjwa, kazi ikaisha. Akabaki nyumbani kwake, mtaa wa Ndosho, akaanza kutengeneza divai ya mananasi. Ilikuwa tamu na haikuumiza kichwa, na haukupita muda parokia nzima ikaijua.

Aliyemsaidia ni Niyonsenga, mama wa Rutshuru aliyefika Goma akikimbia vita. Alikuwa amekaa kwanza kambi ya Kanyaruchinya, kisha Mugunga, na huko alikuwa mmoja wa wanafunzi wa Rosine. Kwao alitengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, tangu usichana wake. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Landry, mdogo wake Rosine, alipopata mchumba wa familia ya Butembo, Rosine aliahidi mbele ya wazee kwamba divai ya ndoa itatoka kwake. Chupa sitini.

Siku ya kujaza chupa, robine ya avenyu yao, bomba walilotegemea kwa maji, ilikuwa kavu tangu juzi. Nyumbani kulikuwa na bidoni moja tu ya maji safi, na pipa la mvua chini ya paa, maji yake yakiwa meusi kwa vumbi la volkano na majani yaliyooza. Chupa zilipaswa kulowekwa kwanza katika maji ya klore. Niyonsenga alipoishika ile bidoni, Rosine akamwambia aiache, kwa sababu wamama wa kwaya wangekuja kunywa chai mchana. Achote kwenye pipa.

Niyonsenga akachungulia ndani ya pipa.

"Mama Rosine, maji hii iko muchafu. Wewe mwenyewe ulitufundishaka, uchafu inakulaka klore. Unipe saa mbili, niende ku ziwa."

Alisema kweli, na Rosine alijua kwamba ni kweli. Lakini kulisikia somo lake likitoka kinywani mwa mtu aliyelipokea akiwa ameketi chini kwenye mawe ya Mugunga kulimchoma.

"Tutaongeza klore," akajibu. "Na hapa hatuko ku kambi."

Niyonsenga akachota. Maji yalinuka klore kwa dakika chache, kisha harufu ikapotea, na wote wawili wakatambua kwamba imepotea. Bado kulikuwa na nafasi ya kuyamwaga. Wamama wa kwaya wakabisha mlangoni, Rosine akaenda kuwapokea, na chupa zikalowekwa katika maji yaleyale.

Ndoa ilifungwa majuma sita baadaye. Muzee Kamate, baba wa bibi harusi, ndiye aliyepewa chupa ya kwanza. Landry akamfungulia. Povu likaruka hadi kwenye koti la mzee, na harufu ya siki ikajaa mezani. Chupa ya pili ilikuwa na utando mweupe juu. Ya tatu vilevile. Mzee akapangusa koti lake kwa leso, akasema taratibu kwamba hata kwao Butembo pombe huharibika. Afadhali angetukana. Shangazi wa bibi harusi akauliza ni nani aliyeandaa kinywaji hiki.

Niyonsenga alikuwa akipita na sinia la nyama.

"Chupa nilimuachia huyu aoshe," Rosine akasema, akimwonyesha kwa kidole. "Munajua watu wa kambi na usafi."

Watu wa meza ile wakacheka kidogo. Niyonsenga akasimama, akamtazama Rosine mpaka Rosine akaangalia pembeni. Kisha akawagawia nyama mmoja mmoja, na Rosine pia akamwekea kwenye sahani yake. Alipomaliza akafungua kitenge cha kazi alichojifunga kiunoni, akakikunja vizuri, akakiacha pale, akaondoka.

Nyama ile Rosine hakuigusa. Kila mtu aliyepita karibu, Rosine alimwona kama anayejua ukweli.

Siku ya tatu akaenda Mugunga, kwenye chumba alichopanga Niyonsenga. Alimkuta akichambua maharagwe, akapewa kiti. Akaungama yote, akaomba radhi. Niyonsenga akamsikiliza hadi mwisho bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Hapa tuko wawili," akasema. "Kule meza ilikuwa imejaa watu. Ukiniomba musamaha hapa, ni nani mwenye anasikia?"

Rosine alirudi nyumbani, na juma zima akajitafutia sababu za kutosema mbele ya watu. Hatimaye wakwe walipokutana kwa Landry kuaga kabla ya kurudi Butembo, akasimama. Alisema kwamba maji aliyachagua yeye, kwamba alionywa akakataa, na kwamba alimsingizia mtu asiye na kosa mbele yao. Shangazi akageuza uso. Muzee Kamate akauliza jina la yule mama, na alipoambiwa akalirudia polepole, Niyonsenga, ili kila mtu alisikie.

Landry hakumlaumu dada yake, ila tangu siku hiyo akija kumtembelea huja peke yake, bila mke wake. Niyonsenga habari zilimfikia, lakini hakurudi kazini. Alianza kupika kasiksi kwake, na hata watu wa Ndosho huenda kuinywa.

Juzi walikutana sokoni. Niyonsenga akamsalimu kwa heshima, akauliza hali ya Landry na mke wake, akajitwika mzigo wake. Rosine akabaki ameshika kabichi, uso ukimwaka, akitafuta neno la kumwita mpaka yule mama akapotea kati ya watu.