Migomba ya Mama Felicitas

"Amekula?" nilimuuliza Mama Felicitas, mama mkwe wa mgonjwa.

"Hajala, sista. Tangu jana ni maji tu."

Dativa mwenyewe, aliyekuwa akiguna kwa uchungu kwenye machela, alimtazama mkwewe kwanza ndipo akajibu. "Sijala."

Mimi ni Mwamvita, mtu wa usingizi katika kituo kimoja cha afya huku Muleba. Kazi yangu ni kuwalaza akina mama wanapopasuliwa, kisha kuwaamsha. Hilo la pili watu hulisahau. Mapigo ya moyo ya mtoto wa Dativa yalikuwa yanashuka, na Daktari Kahangwa alikwisha kunawa.

"Mlaze tu, Mwamvita," alisema mlangoni, mikono juu. "Ndiyo njia ya haraka."

Kweli ni ya haraka. Lakini tumbo likiwa limejaa, chakula hupanda kooni mgonjwa akiwa hana habari, kikateremkia mapafuni. Niliwahi kuliona hilo kazini kwetu kwa zamani, na yule mama hakuamka. Tangu hapo "hajala" ya mtu siimezi hivi hivi, tena ya mama mkwe wa kijiji cha Buganguzi! Mimi ni mzaliwa wa Bukoba mjini, nawajua hawa. Amwache mkamwana wake atoke nyumbani na njaa? Labda ziwa likauke kwanza.

Nikashika kiuno. "Pole, mama. Kumbe Buganguzi siku hizi migomba imekufa."

"Nani kasema?"

"Si wewe? Mkamwana anakwenda kuzaa, wewe unampa maji. Ungesema mapema tukakuletea hata mkungu mmoja, ingawa sisi wa mjini ndizi tunanunua sokoni."

"Wewe mtoto!" Kanga ilimdondoka begani. "Migomba yangu ife? Asubuhi hii nimempikia ebitoke na maharage, nikamwekea na sato juu yake, akamaliza sahani nzima! Muulize!"

Kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mae, ole wangu," alisema polepole. "Jirani aliniambia nikisema amekula mtamsukuma hospitali ya Bukoba. Nikaogopa atazalia njiani, mtoto afe."

"Hatumsukumi popote, mama. Tena umemwokoa sasa hivi."

Daktari alikuwa amesikia yote. "Ganzi ya mgongoni, basi. Fanya upesi, huyu mtoto hana muda."

Tukamketisha Dativa kitandani. Uchungu ulimkaza, akanyooka kama mti, na mgongo ulionyooka sindano haiingii.

"Dativa, mwanangu, unapalilia maharage?"

"Ndiyo," alijibu akilia.

"Jikunje kama unapalilia. Shika magugu, usiniachie hata moja."

Akajikunja. Edvina, mkunga wetu, akamshika mabega. Sindano ikaingia, nami nikapumua. Muda si mrefu miguu ikawa mizito, Daktari akaanza.

Daktari akiwa katikati ya kazi, Dativa akaniita, "Sista, kichefuchefu." Nikamgeuza kichwa haraka. Zile ndizi za ebitoke, maharage na sato, vyote vikaja kwenye beseni. Alitapika akiwa macho, akakohoa, akatema. Daktari alinitazama juu ya barakoa yake, kisha akarudi kwenye kazi.

Mtoto akatoka. Wa kike, amelegea, kimya.

"Mbona halii?" Dativa aliuliza.

"Anajivuna. Si Muhaya?" nilimjibu, nikimshika mkono. Sauti yangu sikuiamini hata mimi. Edvina alimkausha, akamsugua mgongo, akamwekea barakoa ndogo na kuanza kubonyeza mfuko wa hewa. Kifua kikapanda, kikashuka. Kikapanda tena. Halafu yule bibi mdogo akakunja uso na kutupigia kelele sote.

Dativa alicheka na kulia kwa pamoja.

Siku ya pili Mama Felicitas alikuja wodini na hotipoti iliyofungwa kwa kanga. Mkamwana akala kwanza, mtoto akinyonya. Kisha mkwewe akanifuata mimi.

"Na zile ndizi za jana, sista. Nasikia uliziona."

"Niliziona zote, mama. Kwenye beseni."

"Zilikuwa zimeiva vizuri?"

"Mama Felicitas!"

"Nakuuliza, waitu. Ulisema migomba yangu imekufa." Akafunua hotipoti, mvuke ukapanda, akanisukumia kijiko. "Keti hapa. Utakula mpaka useme imestawi."

Nikakaa. Nilikuwa na njaa, kwa hiyo neno 'imestawi' sikulisema haraka.