Koki ya Nane

Kisima chetu kina koki nane, kaya nane, na mimi ndiye mwenye funguo. Koki moja tu hufunguliwa kwa wakati mmoja. Ukifungua mbili, mipira ya kumwagilia kwa matone inalegea na ngano haipati kitu. Asubuhi kaya moja, alasiri nyingine. Siku nne, tumemaliza. Ni hesabu ya mtoto wa chekechea, lakini kila msimu kuna anayenifokea.

Mwaka huo redio ilisema upepo wa moto ungeingia Minqin, wilaya yetu ya kando ya jangwa, siku ya tatu. Punje zilikuwa ndiyo kwanza zinajaa maziwa. Ngano iliyokunywa ingeuhimili upepo, isiyokunywa ingekauka imesimama. Tukaokota karatasi za zamu kwenye kofia kama kawaida. Mimi nikapata ya kwanza. Kaka yangu Yonglu akapata ya nane. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaondoka.

Yonglu hakuwa amesema nami tangu matanga ya mama, mwaka wa sita huo. Tuligombana kuhusu nyama, na yeye ndiye aliyekosea, lakini tuache. Shamba lake limepakana na langu na hana jingine. Ngano ikikauka, angekula mwaka mzima tambi za unga wa dukani, na kwetu mzee wa kununua unga huchekwa hadi kaburini. Majirani hawakuingilia. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.

Asubuhi nikafungua koki ya Yonglu.

Haikupita saa akaja kisimani. Mke wangu Cuiping alikuwa amesimama kati yetu na birika la chai.

"Shemeji, mwambie huyo amekosea koki."

"Mwambie sijakosea," nikasema.

"Mwambie zamu yangu ni ya nane."

"Mwambie najua kusoma."

Cuiping akasema yeye si simu, akaenda zake. Tukabaki wawili tukiutazama ukuta wa kibanda cha pampu, nilikoandika orodha. Jina lake lilikuwa juu, langu chini kabisa. Yonglu aliisoma orodha muda mrefu kwa mtu mwenye majina manane tu ya kusoma, kisha akarudi shambani.

Upepo haukuchelewa. Zamu yangu ilipofika ngano yangu ilikuwa imekauka nyeupe, nami nikaimwagilia hivyo hivyo, maana zamu ni zamu. Cuiping hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Niliona uchungu, na nilijiona mjinga.

Mwezi wa saba mashine ya kuvunia ikaanza upande wa Yonglu, naye amepanda kando ya dereva. Mimi nilisimama kwangu na magunia, mengi hayakuwa na kazi. Kwenye mpaka dereva akapunguza mwendo, akauliza kama amwage punje za Yonglu hapo kwanza.

"Twende," Yonglu akamwambia. "Na shamba hili ni letu."

Mashine ikaingia kwangu, na punje nono za kaka zikachanganyika na zangu, nyembamba kama bizari. Hakuna mtu chini ya jua angeweza kuzitenganisha tena.

Yonglu akashuka, akachukua gunia mkononi mwangu, akalikung'uta. Hakumtafuta Cuiping.

"Shika huku," akaniambia.

Nikashika. Nilishika ovyo, punje nyingi zikamwagika chini, akanifokea kwa hilo pia.