Panga za Taa za Fundi Twalibu

Kwa miaka thelathini na moja Fundi Twalibu alijisifia jambo moja tu, na alijisifia kila siku, kwa yeyote aliyesimama mbele ya karakana yake pale Ng'ambo: kitu chake hakijawahi kurudi. Wanafunzi aliowatengenezea masanduku ya bati sasa ni wazazi, na masanduku yapo. Majiko yake yamewazika walioyanunua. Mafundi wenzake walimchoka, lakini wangesema nini? Ilikuwa kweli.

Basi Jumatatu moja gunia likarudi.

Alilileta Mwalimu Jeska Nijimbere, binti wa Ulyankulu anayefundisha michezo kwenye sekondari moja mjini Tabora. Ndiye aliyeanzisha chama cha wanafunzi cha kupigana kwa panga za taa. Si panga za kufyekea. Ni bomba jeupe la plastiki, ndani lina taa za utepe, zile vijana wa bodaboda wanazozungushia pikipiki zao, na chini mpini wenye betri. Ukibonyeza, upanga unawaka buluu au nyekundu, na watoto wawili wanatandikana kwa kanuni mpaka mmoja afikishe alama tano. Jeska alimletea Twalibu mchoro, naye akamtengenezea kumi na mbili, mipini yote ya pampu za baiskeli.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mwalimu. Gunia la nini tena?"

Jeska akatazama chini. "Zimevunjika nne. Moja ilipasuka ikamchana Ezekia sikio, kashonwa nyuzi mbili. Mkuu wa shule anakuja kutazama Jumamosi, pamoja na wazazi. Amesema mtoto mwingine akiumia, chama kinafungwa."

Twalibu aliyasikia yote, ila lililomchoma ni gunia. Limepita mtaani mchana kweupe, juu ya baiskeli, vipande vimechomoza, watu wameona. Akalisukuma ndani kwa mguu na kulifunika turubai.

"Njoo Jumatano," akasema. "Hazitavunjika tena, hata kwa dawa."

Siku mbili alifanya kazi bila kupiga soga, na Twalibu asiyepiga soga ni wa kupelekwa hospitali. Alitupa yale mabomba membamba ya kupitishia nyaya, akachukua bomba nene la maji, akapenyeza ndani nondo ya milimita nane, akaziba ncha kwa kipande cha chuma. Akaupiga upanga wa kwanza kwenye fuawe, chuma chake cha kufulia. Fuawe ikalia, upanga haukutikisika. Akamwomba dereva wa bajaji aukanyage. Dereva akaukanyaga mara tatu, ya tatu kwa raha zake tu. Ni kweli mwanga ulififia kwa unene wa bomba, lakini kwa upanga imara namna ile, mwanga wa nini?

Jumatano Jeska akaja. Akaunyanyua mmoja kwa mkono mmoja, kisha akaongeza mkono wa pili.

"Ni... ni imara sana, Baba."

"Si nilikwambia?"

"Ndiyo, Baba. Ahsante."

Hata kipofu angejua kwamba yule binti hana raha. Lakini atasemaje? Mtu wa rika la baba yake, kafanya kazi siku mbili, sasa anamtazama usoni akingoja sifa. Kwao Jeska alifundishwa kwamba mkubwa hakosolewi mbele ya kazi yake. Akaanza kuzifunga kamba, moja moja, taratibu, ili muda upite.

Ila Mungu hamwachi mwenye majivuno bila mtani. Wa Twalibu alikuwa Rashidi, Mzaramo, mstaafu wa reli. Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara ya pembe: wananyang'anyana vitu, wanatukanana mpaka msibani maiti akiwa ndani, na hakuna kununa. Rashidi alikuwa amekaa juu ya ndoo, akingoja jiko lake liwekwe mguu. Jiko hilo alilinunua kwa fundi mwingine, makusudi.

"We Mnyamwezi," akasema, "hizo ni za watoto kuchezea au za kubomolea ukuta?"

"Nyamaza, mla nazi. Zile za kwanza zilivunjika. Hizi hazivunjiki."

"Nimesikia hazivunjiki. Sasa kitakachovunjika ni nini?"

Twalibu akamwelekezea Jeska kidole. "Mwalimu mwenyewe kasema ni imara."

"Mwalimu anakuheshimu. Mimi sikuheshimu."

Rashidi akainuka, akaingia ndani kwa mwenzake bila hodi, akatoka na sufuria ya Swaumu, mke wa Twalibu. Twalibu aliifua kwa mkono wake mwaka waliooana, na haikuwahi kubonyea. Rashidi akaivaa mpaka masikioni.

"Nipige."

"Rashidi, acha upuuzi."

"Sufuria yako, upanga wako, unaogopa nini? Nipige kama mtoto wa kidato cha tatu aliyetukaniwa mama yake mbele ya wasichana."

"Mzee, jamani, hapana," Jeska akasema.

"Mwalimu, wewe niangalizie ndoo yangu."

Twalibu akaushika upanga, akaupandisha. Hasira alikuwa nayo, nguvu alikuwa nazo. Lakini ulipofika juu, uzito ukamvuta mkono, akajua kwamba ukishaanza kushuka hautasimama anapotaka yeye. Chini ya ukingo wa sufuria akayaona macho ya Rashidi. Yamefumbwa. Mzee aliyetukana kwenye misiba mitatu ya ukoo wa Twalibu bila haya alikuwa ameuma meno. Anaogopa, Twalibu akawaza. Anaogopa, na hasogei.

Akapiga kwa robo ya nguvu zake. Sufuria ikabonyea. Rashidi akakaa chini polepole, akitafuta ardhi kwa mikono. Alipoivua, paji la uso lilikuwa limetoa nundu saizi ya yai la kanga.

"Haya," akasema. "Sasa kampige mtoto."

Swaumu akatoka. Akaitazama sufuria, akaitazama ile nundu, akamtazama mumewe. "Mmemaliza?" akauliza, akachukua sufuria yake akarudi jikoni.

Twalibu aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akauweka upanga chini. "Mwalimu, niambie bila kunistahi. Unataka kitu gani?"

Jeska akavuta pumzi. "Nataka kipinde kwanza, Baba. Kikizidiwa, kivunjike chenyewe, siyo mtoto. Na kikivunjika, kisikate."

"Kwa hiyo unataka nikutengenezee kitu cha kuvunjika."

"Ndiyo, Baba."

"Mbele za watu."

"Inawezekana."

Akaguna. Kisha akaanza kuchomoa nondo. Alitafuta bomba jepesi linalopinda bila kupasuka, akaliviringishia selotepu pana toka juu hadi chini ili vipande visiruke, na ncha akaziziba kwa mpira wa kandambili aliouchonga duara. Kila alipomaliza mmoja alijipiga nao mguuni, akakunja uso, akapunguza kidogo. Kufika Ijumaa alikuwa anachechemea.

Jumamosi ukumbi ukajaa. Mkuu wa shule alikaa mbele na daftari lake. Twalibu akajibanza nyuma, karibu na mlango, na kila alipogeuza shingo aliona mteja wake.

Mapambano matatu yakapita salama. La nne lilikuwa la Koleta na Majidi. Kanuni ya chama ni kutopiga kichwa, lakini Majidi alikuwa nyuma kwa alama nne, na damu ya ujana haisomi kanuni. Akashusha upanga kwa mikono miwili. Pa! Juu ya sikio la Koleta. Upanga ukakatika katikati, taa zikazima, nusu ikabaki inaning'inia kwenye selotepu.

Demetria, mama yake Koleta, aliruka benchi mbili.

Mkuu wa shule akasimama. "Nani ametengeneza kitu hiki?"

Jeska akatazama pembeni. Hata Rashidi, na plasta yake kwenye paji, alikuwa anakagua dari. Mlango ulikuwa wazi, hatua mbili tu. Twalibu akaupa mlango mgongo.

"Mimi," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Nimeutengeneza mimi, na nimeutengeneza uvunjike."

Watu wakageuka. Demetria hakugeuka. Alikuwa anapapasa kichwa cha mwanawe, kipara kizima, mbele, nyuma, juu ya sikio, akitafuta nundu, akirudia palepale.

"Mama, unaniaibisha," Koleta akasema. "Mwalimu, kanipiga kichwani, alama ni yangu."

Demetria akaichukua ile nusu ya upanga. Akapitisha kiganja chake juu ya pale palipokatika, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa kukandamiza. Akakitazama kiganja. Ndipo akamtafuta Twalibu kule nyuma kwa macho.

"Ahsante, fundi," akasema.

Twalibu akageukia ukuta. Akatoa kitambaa, akajifuta macho, akamwambia jirani yake kwamba vumbi la ukumbi huu limezidi. Sakafu ilikuwa imepigwa deki asubuhi ile.