Kadi Iliyomaliza Wageni Mlangoni

Meneja alikuwa na tumbo la kutangulia na maneno ya kufuata, ila asubuhi hiyo maneno ndiyo yalifika kwanza. Fundi wa mitandao, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Waya, aliyasikia kabla hajatua mkoba.

"Mashine yako imekufa!"

Mashine hiyo ndiyo iliyopitisha simu zote za wateja. Kila sauti iliingia imekatwa vipande vidogovidogo, na ubongo wa mashine ukapokea kila kipande, ukakikagua, ukakielekeza, mpaka ukachemka na simu zikakwama. Jana Mama Waya alichomeka kadi mpya ya mtandao, kadi yenye akili zake, akaifundisha kazi hiyo yote ili ubongo upumue. Bei yake ilitoa machozi, na yeye ndiye aliyeapa kwamba itafaa.

"Hebu ona!" Meneja akagonga skrini. Mstari unaoonyesha kazi ya mashine ulikuwa umelala chali. Vipande vilivyopita: sifuri. "Kadi inatoka leo, na wewe nyuma yake!"

Mama Waya akaisogelea skrini. Sifuri? Ndipo akamkumbuka mama mkwe wake, anayekaa barazani na kuwasikiliza wageni wote, akawamaliza palepale. Wewe uliye jikoni utaapa hakuna aliyepiga hodi.

"Bosi, kosa langu! Skrini hii inauliza ubongo tu, sikuiambia iulize kadi. Wageni wanaishia mlangoni!"

"Wageni gani? Hii ni maiti. Nikiichomoa, tuone nani atalia."

Meneja akachomoa waya wa kadi.

Upande wa pili wa ukuta, ukumbi wa wapokea simu ukalipuka kama banda la kuku lililoingiliwa na kicheche.

"Simu zimekatika!"

"Nani huyo? Mteja wangu alikuwa karibu kunisamehe!"

Meneja akahangaika kurudisha waya, tundu halioni. Mama Waya akamshika kiwiko, akamwelekeza.

"Sasa bosi, nifungashe virago?"

Vishindo vya viatu vilikuwa vinakuja, na mlango ukaanza kugongwa. Meneja akajibanza nyuma ya mashine. Tumbo likabaki nje.

"Mama Waya, dada yangu, waambie sipo!"

Mama Waya akafungua mlango kidogo, akauziba mwanya kwa mabega.

"Simu zimerudi, nendeni mkapokee. Bosi? Mwacheni apumue. Siku hizi mambo yote yanaishia hapa mlangoni."